Mkwe Aliyezima Stima Mazishini

Mwikwabe alikuwa mtu wa kupima mara mbili. Katika miaka ishirini na sita ya kufunga umeme mjini Migori, hakuikabidhi nyumba kwa mwenyewe kabla ya kuizunguka na testa yake ya kupimia umeme, tundu kwa tundu, kisha kuizunguka tena kuanzia upande wa pili. Mafundi wenzake walimcheka. Walisema siku akifa atachungulia kwanza kama jeneza lina waya. Aliendelea kupima. Hakuwa mtu wa maneno.

Alizaliwa karibu na Kehancha, kwa Wakuria wafugaji, akasoma hadi kidato cha nne. Alipomwoa Lynnet, binti ya Mzee Nyambok wa kisiwa cha Rusinga, alijua kwamba kwa wakwe zake Wajaluo atabaki mgeni hadi uzee. Ndiyo maana adabu za ukwe alizishika kuliko wenyeji wenyewe. Akimwona mama mkwe wake, Mama Awino, anakuja njiani, alichepuka hadi kwenye majani na kusimama huko, uso chini, mpaka apite. Hakuwahi kula mbele yake. Mashemeji zake walipenda hilo. Walimwita *orwa*, yaani mkwe wetu, na walimsifu kwa wageni.

Mwaka 2019 mashemeji hao waliwajengea wazazi nyumba mpya ya mawe yenye paa la mabati. Fanuel, mtoto wa kwanza, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Homa Bay, hakutaka mama yao aendelee kukohoa kwa moshi. Akaamua jiko liwe la gesi: mitungi miwili mikubwa nje ndani ya kizimba cha vyuma, na kutoka hapo bomba jembamba la manjano, lile linalopindika, lipite ukutani kando ya dirisha hadi kwenye meko matatu. Kazi ya umeme akapewa Mwikwabe. Na kwa kuwa mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, Mama Awino alihamia kwa dada yake Mbita wiki nzima, asirudi mpaka aliposikia fundi amefungasha vyombo.

Wiki ile Elvis, shemeji yake mdogo, ndiye aliyemshikia ngazi.

"Sasa huu waya wa kijani na manjano umeufunga kwa bomba la gesi wa nini?" Elvis aliuliza. "Gesi inatumia stima?"

"Haitumii. Lakini bomba ni chuma. Stima ikivuja mahali popote humu ndani, inaweza kulifikia. Bomba likiwa na stima na liguse chuma kingine, linatoa cheche. Hili ni jembamba, cheche inalitoboa. Halafu gesi inatoka na cheche iko hapo hapo."

"Na waya unafanya nini?"

"Unaipeleka chini. Huku umefungwa kwa bomba na kwa kila tundu la stima humu ndani, kule unafika kwenye fimbo ya shaba tutakayoizika ardhini. Stima iliyopotea inapata njia ya kwenda, inatuacha."

Kuizika fimbo hiyo ndiko kulikowachosha. Rusinga ni mwamba mtupu. Walijaribu nyuma ya jiko, nyundo ikaruka. Walijaribu karibu na choo, kisha kwenye kona ya kushoto, kote jiwe. Siku ya pili wakapata udongo laini mahali pamoja tu, upande wa kulia wa nyumba, hatua tatu kutoka ukutani. Hapo fimbo ikazama yote. Mwikwabe akaizungushia mkaa na chumvi, akamwaga maji, akapima, akapima tena, akaridhika. Mzee Nyambok alikuwa amekaa kivulini akimtazama, na alipomaliza akamwamuru apewe kiti.

Kwa desturi ya watu wale, mwenye nyumba huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Mwikwabe alilijua hilo vizuri. Lakini ni mkwe gani angekaa na kupanga kaburi la mzee aliye hai, anayemwagizia kiti?

Mzee Nyambok alifariki mwezi wa nne mwaka 2023, mvua zikiwa zimepamba moto. Lynnet alitangulia na watoto. Mwikwabe alifika Jumamosi ya mazishi pamoja na waume wengine wa mabinti, na kama ilivyotakiwa wakaketishwa kwenye hema lao nje ya lango. Katika ukoo ule mkwe haangalii ndani ya kaburi la baba mkwe, wala haingii nyumbani kabla udongo haujarudishwa.

Kutoka kwenye kiti chake aliona, juu ya vichwa vya watu, rundo la udongo mwekundu. Lilikuwa upande wa kulia wa nyumba. Alilitazama kwa muda, akahesabu hatua kutoka ukutani kwa macho: tatu.

Elvis alipopita na kreti ya soda, akamwita.

"Shemeji, ile fimbo ya shaba iko wapi?"

"Gani? Aa, ile chuma! Vijana waliing'oa jana. Kwingine kote ni mawe, orwa, unajua hii boma. Wakachimba hapo hapo." Elvis akacheka. "Lakini haijapotea. Iko pale nyuma imeshika kamba ya turubai ya wapishi. Imara sana."

"Waya wake?"

"Tulikata. Ulikuwa unaning'inia kwa kaburi, ni mbaya."

"Elvis, nisikilize. Kazimeni stima ya nyumba sasa hivi. Mein swichi, yote."

"Leo? Na spika? Askofu anahubiri, omera, ndugu yangu. Unataka Fanuel anizike na mzee?"

"Basi mwambie Fanuel aje hapa."

"Nitamwambia," Elvis alisema, akaenda zake na soda.

Fanuel hakuja. Mwikwabe alimpigia Lynnet mara tatu, simu haikupokelewa. Alijiambia kwamba labda hakuna kitu kinachovuja, na bila kitu kinachovuja hakuna hatari. Lakini aliona waya mrefu wa spika za kukodi ukitoka dirishani, na mashine kuukuu ya kuziendesha imewekwa kwenye meza iliyolowa mvua. Na alijua kitu kibaya zaidi: waya aliofunga kwenye bomba bado ulikuwa umefungwa. Umeme wowote uliopotea ndani ya nyumba ile sasa haukuwa na njia ya kwenda chini, na waya wake ungeubeba hadi kwenye bomba la gesi na kuuacha hapo. Kazi yake mwenyewe.

Trizah, shemeji yake wa mwisho, alileta sufuria ya wali kwa wakwe.

"Kuleni, watu wa ng'ombe," alitania. "Tumepika kwa shida leo. Hiyo jiko imekataa kushikwa."

"Imekataa vipi?" Mwikwabe aliuliza.

"Bomba linatekenya watu. Mimi nina malapa ya mpira, sisikii kitu. Lynnet yuko miguu tupu kwa maji, akishika valvu anaruka. Anasema ni kama siafu. Ati mzee anamsalimia kabla aende."

Wale wakwe wengine wakacheka taratibu, kicheko cha matangani. Mwikwabe akasimama.

"Unaenda wapi?" jirani yake akamuuliza. "Keti! Hawajateremsha mwili."

Hakuketi. Alipita langoni, akapita katikati ya viti, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine kutokana na umati, akapita ukingoni mwa kaburi wakati vijana wanashika kamba za jeneza. Aliinamisha macho, lakini aliona ndani ya shimo. Watu waliguna. Sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kijaluo huyo ni nani.

Jikoni Lynnet alikuwa amesimama kwenye sakafu iliyolowa, mwiko mkononi. Alipomwona mume wake mlangoni aliushusha mwiko. Mwikwabe alichomoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye bomba. Taa yake nyekundu ikawaka. Lynnet alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, akiitazama.

"Toka nje. Usiguse chochote," alimwambia.

Swichi kuu ilikuwa kwenye ukumbi mdogo, na ukumbini ndipo Mama Awino alipokuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kichwani, amezungukwa na wajane wenzake. Mwikwabe aliruka miguu yao. Mama Awino aliinua uso, akamtambua mkwe wake amesimama juu yake, akajifunika kwa shuka na kutoa sauti ambayo Mwikwabe hakuwahi kuisahau. Mwikwabe akaizima swichi.

Nje, neno la askofu lilikatika katikati. Jeneza lilikuwa nusu shimoni.

Alirudi jikoni, akafunga gesi, kisha akafuata bomba kwa vidole hadi mahali lilipogusa chuma cha dirisha. Palikuwa na doa jeusi, dogo kuliko punje ya mtama. Fanuel alimkuta amepiga magoti hapo.

"Nini hii, Mwikwabe?"

"Hapa. Lilikuwa linatoa cheche. Bado kidogo litoboke."

Fanuel aliinama. "Naona uchafu wa inzi."

"Washa stima kidogo tu, nikuonyeshe na testa."

"Niwashe?" Fanuel alisema kwa sauti ya chini, mbaya kuliko kelele. "Umepita juu ya baba yangu. Umemkanyagia mama yangu kwa mkeka. Sasa unataka nikushikie taa uangalie inzi. Toka."

Wakamalizia mazishi bila spika, na waliosimama nyuma hawakusikia sala ya mwisho.

Wiki iliyofuata Fanuel alimleta fundi kutoka Mbita. Lakini kabla hajafika, Elvis alikuwa ameshaing'oa fimbo kwenye kamba ya turubai, akaigongomelea nyuma ya jiko, kwenye mwamba, ikaingia kiasi cha kiganja, akaunganisha waya. Spika zilikuwa zimesharudishwa kwa mwenyewe. Fundi alipima bomba, hakukuta umeme. Akaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Fanuel alimtumia Mwikwabe picha ya karatasi hiyo bila salamu.

Angeweza kuvumilia hilo. Lakini mwezi wa tisa Mama Awino alishikwa na kifua, akalazwa siku kumi na moja, akafa. Alikuwa na kifua kile tangu enzi za kuni, na daktari alisema hivyo. Ukoo ukasema *chira*, laana inayofuata anayevunja mwiko, na huwafuata hata wale waliovunjiwa.

Waliitana kabla ya mazishi kuamua kama mkwe yule atakanyaga tena boma. Walimruhusu kusikiliza akiwa nje, chini ya dirisha, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa. Mwikwabe hakuhofia sana kufukuzwa. Hofu yake ilikuwa kwamba siku tatu baadaye watu mia nne wangepikiwa kwenye jiko lile lile, spika zimekodiwa tena, na fimbo imezama kiganja kimoja kwenye jiwe. Kama hawangeamini kwamba bomba lilikuwa na umeme mara ya kwanza, hakuna ambaye angeizika vizuri.

"Elvis, ulijua kitu?" Fanuel aliuliza.

"Mimi niligawa soda tu."

"Trizah?"

"Nilikuwa natania wakwe. Mambo ya kutania."

"Lynnet. Huyu ni bwanako, na wewe ndiye ulikuwa jikoni. Bomba lilikupiga?"

Mwikwabe aliinua kichwa. Kupitia nondo za dirisha alimwona mke wake ameketi kwenye ncha ya kiti, mikono mapajani. Kaka zake wote wawili walikuwa wanamtazama. Kusema ndiyo kulikuwa ni kusema kwamba wao ndio waliomweka mama yao karibu na moto siku ya kumzika baba yao. Mmoja wa wazee akakohoa kumhimiza.

"Nilikuwa na majonzi," Lynnet alisema. "Sikumbuki."

Mwikwabe hakusubiri uamuzi. Alichukua mkoba wake, akatembea hadi daraja la kuingilia Mbita, akapanda gari la kurudi Migori kupitia Rodi Kopany. Lynnet alimfuata kesho yake kuchukua nguo za watoto. Waliongea kuhusu viatu, kuhusu sare za shule, kuhusu mlango wa nyuma usiofunga vizuri. Mwikwabe hakumuuliza kuhusu bomba. Alimpigia Elvis na kumweleza hatua kwa hatua: chimba pale pale laini, upande wa miguuni mwa kaburi, zamisha fimbo yote, mwaga maji. Elvis alisema sawa, shemeji, sawa, kwa haraka ya mtu anayetaka kukata simu.

Ijumaa asubuhi alimsindikiza Lynnet hadi langoni. Watoto walikuwa wameshatangulia barabarani na mizigo.

"Kesho usishike lile bomba," alimwambia. "Hata wakikucheka."

Lynnet alifunga kanga kiunoni, akaifungua, akaifunga tena. Hakumtazama.

"Nitapika kwa kuni," alisema. "Nimeshamwambia Trizah pia aweke mafiga nje."

Kisha akawafuata watoto. Mwikwabe alibaki ameshika komeo la lango. Alitaka kumwita arudi, amuulize kwa nini, kama alijua hivyo, hakusema pale mbele ya watu. Lakini alikuwa ameshafika kwenye kona, na wengine watakaoingia jikoni mle kesho hakuna aliyekuwa amewaambia wapikie nje.