Chaki Nyekundu Parokiani

Mimi sikai mahali pamoja. Nimeishi Luberizi wakati wa kuvuna mpunga, nimepanga chumba Minova, nimekwama Bunyakiri kwa sababu ya matope. Lakini kila nikirudi Bukavu, kabla hata ya kusalimia nyumbani, napita parokiani kuangalia kama salle, ukumbi wetu wa parokia, bado imesimama.

Ni jengo la wakati wa Wabelgiji. Kona yake moja ni ya mviringo, na madirisha ya juu ni ya duara kama ya meli. Humo niliigiza mchungaji wa Noeli asiye na neno hata moja la kusema, na humo dada yangu alicheza siku ya harusi yake mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kwa hiyo mwaka huu, niliposikia kwamba parokia imepata msaada wa kutengeneza majengo yake ya zamani, nilijiingiza katika kamati bila kuitwa.

Kamati iliongozwa na maman mmoja, injinia wa ujenzi, muumini wa parokia yetu. Alitusimamisha uani akasema bila kuzunguka:

"Iko kanisa, iko salle, iko nyumba ya mapadri. Yote iko ya muzuri na yote inagonjwa. Mbele ya mvua kuanza tutatengeneza kitu kimoja tu. Na salle, kama haiko ya kwanza, nitaifunga na kufuli. Siwezi kuacha watu waimbe chini ya ile plafo, dari inataka kuanguka."

Papa kiongozi wa kwaya alivua kofia. Kanisani kila jioni kulikuwa na kikundi cha sala, na nyumbani kwake hata sauti za besi peke yake zisingeenea.

"Maman, ukifunga salle, umefunga kwaya."

"Basi tuangalie vizuri," alijibu, akatugawia chaki. Nyekundu ilikuwa ya kitu kinachoweza kuua mtu, njano ya mahali panapoingia maji, na nyeupe ya kitu kibaya cha kutazama tu.

Tuliporudi uani, parokia nzima ilikuwa nyekundu. Papa wa kwaya alikuwa amepaka nyekundu mpaka kitasa cha mlango wa salle. Maman anayepanga maua ya altare alikuwa amepaka pua ya mtakatifu mmoja. Mimi nilipaka dirisha la duara lenye ufa ninaoufahamu tangu utoto, ufa ambao haujawahi kuumiza hata inzi.

Injinia alizunguka akicheka mpaka akaegemea nguzo, kisha akaitazama nguzo yenyewe. Nyekundu.

"Kumbe tunasali kwenye makaburi! Padri, hii baignoire yako ya kuogea iliua nani?"

"Bado, maman," padri alijibu. "Lakini inatafuta."

Tukaambiwa tufute yote na kuanza upya, kila mtu kwenye jengo asilolipenda. Maman wa maua akapewa salle, padri akapewa kanisa, na mimi na papa wa kwaya tukatumwa nyumba ya mapadri.

Papa aligawa nyeupe kwa mkono mpana. "Balkoni? Nyeupe. Ngazi? Nyeupe. Padri ni mutu wa sala, hatateleza."

Tukafika nyuma ya jiko, mahali ambapo watu huenda kumwaga majivu tu. Pale kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima, na juu ya udongo huo ndipo lilipo jiko. Ukuta ulikuwa umevimba katikati kama tumbo. Papa aliingiza vidole katika ufa, kisha mkono mpaka kwenye kifundo. Chini yetu, kwenye nyumba zilizojibana mteremkoni, mwanamke aliyekuwa akianika nguo alitupungia.

"Papa wa kwaya! Jumapili muliimba muzuri!"

"Aksanti, maman," alisema, lakini macho yake yalikuwa yakipima umbali kati ya ukuta na kamba ya nguo.

Nikaona anachofikiria, nami nikawaza juu ya salle. Nilimwambia polepole, "Papa, huu haiko jengo. Hawakutuambia habari ya kuta."

"Leta nyekundu haraka," alisema, "kabla sijakusikia."

Akachora msalaba mkubwa mpaka chaki ikaisha mkononi.

Uani padri aliuliza, "Ukuta gani?" Hakuna aliyewahi kuupiga picha wala kufanya harusi mbele yake. Injinia alikwenda kuuona, akarudi akipangusa mikono.

"Hii ndiyo ya kwanza."

Salle ikafungwa wiki hiyo hiyo. Watu wa chini wakahamia kwa jamaa zao mpaka kazi iishe, na asubuhi za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tulipanga mstari kupokezana mawe, kwaya yote ikiwemo. Sauti ya pili walilalamika kwamba mawe mazito yanafika kwao siku zote.

Mvua za kwanza zilikuta ukuta mpya umesimama. Kwaya ilikuwa ikiimba katika gereji ya mapadri, sopran wamekaa juu ya matairi, besi wamesimama karibu na lango la bati lililotetemeka kila waliposhuka chini.

"Besi, polepole! Muko munatafuta kuvunja na hii?" papa alipiga kelele, akicheka.

Gari la padri lilikuwa nje, likinyeshewa. Padri mwenyewe alikuwa mlangoni, akiimba tenor ambayo hakuna aliyemwomba.