Tawi la Langoni kwa Bi Hisa

Asubuhi hii mjini Hirosaki ni baridi ya kuumiza masikio, na Tokie Kasai yuko juu ya ngazi yake ya miguu mitatu, ananyonyoa msonobari. Ananyonyoa kweli, kama kuku wa sikukuu: majani ya mwaka jana yote chini, ya mwaka huu yanabaki. Mkasi umetulia kiunoni. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Glavu navaa nyumbani nikiosha vyombo," anasema. "Huku juu nisipougusa mti, sijui ninachofanya."

Tokie, mwenye umri wa miaka 57, ni mtunza bustani kama marehemu baba yake. Kila vuli hupita nyumba kwa nyumba akiipunguza misonobari ili theluji isiielemee. Theluji ikishafunika bustani, hupanda mapaa ya watu na koleo kuyasafisha. Mgongo unalalamika, yeye hana habari nao.

Leo, hata hivyo, ana wasiwasi. Miaka mitatu iliyopita theluji nzito ilivunja tawi la msonobari huu, ambalo baba yake alilitandaza juu ya lango la Bi Hisa Narita, mwenye miaka 86. Tokie alikuwa ameliacha na majani tele, kwa kuwa mwenyewe Bi Hisa alilipenda hivyo. Na msonobari ukishavunjika penye gome tupu, hauchipui tena.

Basi akalivuta chini tawi lililofuata kwa juu, kidogo kidogo, akalifunga kwenye mwanzi lizibe pengo. Leo anafungua kamba. Likiruka juu, kazi yote imekwenda na maji.

Bi Hisa anatoka na chai na figili za chumvi.

"Tokie mwanangu, shuka unywe. Mtaa mzima unaniita mama wa mti wa magongo. Siku moja zaidi haitaniua."

"Nikinywa sasa nitaimwaga, mama. Ngoja kwanza."

"Haya. Likikupiga pua usiseme sikukuita."

Tokie anakata kamba moja baada ya nyingine, kisha anautoa mwanzi. Tawi linatikisika. Linapanda upana wa kidole, linatulia pale pale juu ya lango.

"Najivunia," anasema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Kwa nini nifiche? Hii ni mikono yangu."

Bi Hisa anatoka nje hadi barabarani, anageuka, anaingia tena taratibu chini ya tawi. Analitazama kwa muda mrefu.

"Zuri. Ila liko juu. La baba yako kila mgeni alikuwa anaingia ameinama, hata meya."

"Nitalishusha, mama. Kila vuli kidogo. Nipe miaka kumi."

"Kumi! Nitakuwa na tisini na sita."

"Basi usiende popote," anasema Tokie, na hatimaye anashuka kunywa chai yake, ambayo imekwisha poa.