Bibi Aliyekataa Kuishi Kambini Tena

Bibi niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake alikuwa Myahudi mzaliwa wa Polandi, na alikuwa amevuka miaka tisini. Hapa Stockholm watu huitana majina tu, wakubwa kwa wadogo, lakini mimi mtu wa Kivu, Kongo, nilishindwa. Nilimwita bibi, naye akazoea.

Alipoanza kuangukaanguka, mwanawe alimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee huko Hässelby. Asubuhi ya kuhama nilimkuta amekaa kitandani, koti kavaa, mkoba mapajani, hatikisiki.

"Siendi," akasema. "Nilishaishi kambini. Inatosha."

Mwanawe, naye mzee tayari, akatoka kupanga mizigo garini ili asigombane naye. Mimi nikaketi kando yake.

Akanisimulia kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, yeye alikuwa msichana mdogo, na yeye na mamake hawakuwa na pa kurudi. Wakawekwa pamoja na Wayahudi wenzao katika kambi ya zamani ya jeshi huko Ujerumani, askari wakilinda geti. Wakimbizi wakachagua kamati yao: huyu wa usafi, huyu wa shule ya watoto, yule wa kugawa mablanketi. Mamake akapewa jiko. Watu waligombana kila siku, maana supu ya juu ni maji, viazi viko chini. Basi mamake akawa anakoroga sufuria kabla ya kila upawa.

Nikacheka. "Kwetu kambini Tanzania ilikuwa maharage. Mama yangu alikuwa mgawaji. Siku ya mgao wanamtukana, jioni wanakuja awapatanishe na waume zao!"

"Na geti?" akauliza.

"Bila kibali hutoki."

"Nasi hivyohivyo. Siku moja mama alivua aproni akaenda kwa ofisa wa wale askari. Akamwambia, 'Nikitaka kitunguu sokoni, niombe ruhusa kama mfungwa? Vita si vimekwisha?' Ofisa aliona haya. Haukupita muda, wale askari wakaondolewa." Akanigeukia. "Sasa niambie, binti, huko ninakokwenda geti linashikwa na nani?"

Sikujua, na sikutaka kumdanganya. Nikampigia msimamizi wa ile nyumba ya wazee palepale, nikaongeza sauti ya simu ili bibi asikie mwenyewe. Msimamizi akasema mlango wa mbele unafunguka kwa kubonyeza kitufe, na atakuwa na ufunguo wa chumba chake mwenyewe. "Aende atakako. Ila atuage tu, tusihangaike."

"Kuaga ni adabu," bibi akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.

Tulipofika hakutaka hata kuona chumba. Aliaga, akabonyeza kitufe, akatoka kwenye manyunyu akisukuma kigari chake cha kutembelea. Mwanawe alitaka kumfuata.

"Mwache," nikamwambia.

Tukasimama dirishani. Alifika kwenye kona, akapotea machoni petu. Kisha kile kigari kikatokea upande wa pili wa jengo, naye nyuma yake, taratibu. Aliingia amelowa, mashavu mekundu, akilalamika kwamba upepo wa Hässelby hauna adabu.

Mwanawe alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilimvua bibi koti nikalitandaza juu ya radieta ya kupasha chumba joto, na hapo ndipo nilipohisi mabega yangu yakishuka. Kumbe nilikuwa nimeyakaza tangu asubuhi.