Boza la Molasi

Harufu ya molasi haibishi hodi. Wiki mbili zilizopita ilinikuta kibandani kwangu, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, nikigeuza chapati za asubuhi. Iliingia na ule utamu wake mzito wenye uchachu ndani, na kabla sijainua kichwa nilijua kuna gari la molasi, yale masalia meusi ya sukari, limesimama karibu. Kweli lilikuwepo, tairi za kushoto zimeshuka kwenye ukingo wa lami, na chini ya bomba la nyuma matone meusi yalikuwa yameshapata nzi wake.

Dereva alikuja hadi mezani. Kijana mwembamba, mikono imejaa grisi, akaniamkia shikamoo, kitu ambacho hapa Kisumu unaweza kuzeeka bila kukisikia.

"Mama, naomba niliache boza langu hapo mbele yako. Breki zimeshika, fundi yuko njiani."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakinywa chai walicheka hadi mmoja ikampalia. "Ati boza! Buda, hiyo ni tanka. Kwani wewe ni wa wapi?"

Dereva alicheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Nilibaki na mwiko hewani na chapati ikaungua mbele ya macho yangu. Ninyi mnaokula kwangu mnajua siunguzi chapati, basi acheni niwaeleze.

Nilikulia kwenye kambi ya kiwanda kimoja cha sukari, mashariki ya Kisumu, kule ambako nchi ni tambarare na udongo mweusi ukilowa unakuvua kiatu. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, shuka likitenganisha kitanda cha wazazi na mkeka wangu. Msimu wa kuchoma mashamba, majivu ya miwa yalitua kwenye uji wetu, tukayakoroga tukanywa. Hatukuona ajabu.

Baba yangu, Ojwang', aliendesha tinga la kuvuta miwa. Kwa ninyi ambao hamkukulia huku, tinga ndilo trekta. Lilivuta matrela mawili yaliyojaa hadi miwa ikaburutika barabarani, nasi watoto tulikimbia nyuma tukichomoa. Baba aliniona kwenye kioo. Hakuwahi kusimama kunigombeza; alipunguza mwendo kidogo tu mpaka nipate muwa wangu, kisha akaongeza moto.

Lakini gari alilolitamani ni lile la molasi. Dereva wake alikuwa anastaafu, na meneja alishamwambia baba kuwa ni yeye anayefuata. Dereva wa gari hilo alikaa nyumba ya mawe, vyumba viwili, na chumba cha pili kilikuwa na dirisha. Dirisha hilo lingekuwa langu. Mama alikuwa ameshalishonea pazia la maua ya manjano, akalikunja chini ya godoro kungoja siku.

Kilichobaki ni mdomo wa baba, na mdomo huo mama aliushughulikia kila jioni. Baba akiosha miguu kwenye karai, mama anachambua omena, wale dagaa wetu, kwenye ungo, mtihani ulianza.

"Ile inabebanga mchanga?"

"Roli."

"Baba Atieno!"

"Lori. Lori."

"Na hii yako ya miwa?"

"Trekta."

"Tinga! Hapa kambi kila mtu anasema tinga. Na ile ya molasi?"

Hapo baba alikwama kila mara. Alitazama miguu yake ndani ya maji kana kwamba jibu limeandikwa huko, halafu neno likamponyoka: "Boza."

"Tanka, Baba Atieno. Tanka! Utapewa gari na hujui jina yake?"

Siku moja alisema mashine ya kuchimba mitaro ni kijiko, nami nikauliza huyo anayekula nacho ana kinywa kikubwa kiasi gani. Baba alicheka mpaka akamwaga karai. Mama pia alicheka, kisha akajifuta macho akaanza mtihani upya. Niliupenda mchezo ule kuliko michezo yote ya kambini. Sikujua kuwa ninamtazama mwanamke akimfundisha mume wake kuwa mtu mwingine.

Baba alizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Alivuka akiwa kijana. Dholuo ya Shirati na ya kwetu ni moja, na akizungumza Dholuo hakuna ambaye angemtilia shaka. Kiswahili ndicho kilichomchongea, hasa akitaja magari makubwa, kwa sababu alijifunza udereva Musoma na majina yalimwingia pamoja na gia na breki. Kiwanda kiliajiri Wakenya tu. Kwenye kitambulisho baba alikuwa mtu wa Asembo Bay, kwani mzee mmoja wa huko aliyempenda alisimama mbele ya chifu akasema, huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu.

Haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Nikiwa na miaka tisa nilijua mambo mawili tu. La kwanza, mtu akiniuliza "In nyar kanye?", yaani mimi ni binti wa wapi, nijibu Asembo. Kwetu mtoto huulizwa swali hilo kabla hata ya kuulizwa jina, na asiyejua jibu huonekana hakulelewa. La pili, Krismasi moja tulivuka mpaka kwenda kwa dani, ndiyo nyanya, mama yake baba. Dani alinipaka samli kichwani, akanipa kuku mwekundu wa kuondoka naye. Sikuona mgongano wowote. Asembo ilikuwa ya kujibu maswali, Shirati ilikuwa ya dani.

Siku ya kufunga shule, wazazi na wakubwa wa kambi walialikwa, na kila darasa lilitakiwa kutoa burudani. Mwalimu wetu alikuwa amenikuta nikiwachekesha wenzangu nyuma ya choo, akasema nifanye hivyohivyo mbele ya wageni. Basi nikavaa gambuti za zamani za baba, zikanifika mapajani, nikaweka miguu kwenye karai tupu. Nikawa mama, nikawa baba. Hii? Roli. Baba Atieno! Lori. Nilikwama pale baba alipokwama, nikatazama miguu yangu kama yeye, nikaliachia lile neno: "Boza."

Watu waliangua kicheko. Kina mama walishikana mabega. Mstari wa mbele alikaa Mzee Ogola, nyapara mkuu wa madereva, akicheka huku akijifuta machozi kwa leso. Kisha wakapiga makofi, makofi ambayo sikuwahi kupigiwa kabla wala baada, na nyuma kabisa mtu mmoja aliendelea kupiga hata wengine walipokwisha nyamaza. Kwa miaka mingi, nikitaka kujipa moyo, niliyakumbuka makofi hayo.

Baadaye Mzee Ogola aliniita. Alikuwa na soda, akanimiminia nusu.

"Nyathina, mtoto wangu, umetuchekesha sana. In nyar kanye?"

"Nyar Asembo," nilijibu mara moja, kama nilivyofundishwa.

"Asembo. Vizuri. Na dani yako ako huko Asembo?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilifundishwa kutaja kwetu, ila hakuna aliyenifundisha kumkana dani. Nilimwona na kopo lake la samli, nikahisi kuwa nikisema yuko mahali ambapo hayuko, kitu kibaya kitampata. Mtu anaweza kuanguka na kufa kwa sababu mjukuu wake amemhamisha kwa mdomo, ndivyo nilivyoamini.

"Dani ako Shirati," nikasema.

"Shirati," Mzee Ogola akarudia polepole. "Hata mimi nilikuwa nashangaa hiyo boza." Akaniachia soda yote.

Jumatatu baba aliitwa ofisini. Hakuna aliyemtukana wala kumpigia kelele. Mzee Ogola alimwambia tu, mbele ya meneja na makarani, kwamba kabla ya kukabidhiwa gari la kiwanda ni vizuri ijulikane yeye ni mtu wa wapi hasa. Karatasi hazitoshi, alisema, karatasi zinatengenezwa. "Twende Asembo, Bwana Ojwang', utuonyeshe kaburi ya babako." Ninyi mnaotoka huku mnajua hakuna ushahidi unaoushinda huo. Mtu wetu ni wa pale alipolala baba yake.

Walikwenda wanne kwa gari la kiwanda. Yule mzee wa Asembo aliwapokea, akawapa viti na chai, akawapeleka mwenyewe nyuma ya nyumba. Kaburi la ndugu yake lilikuwepo, limesakafiwa vizuri kwa saruji, halina jina. Kilichotakiwa ni baba anyooshe kidole. Mama alinisimulia kuwa yule mzee hata alimsukuma kwa kiwiko, kidogo, ili wageni wasione.

Baba hakunyoosha. Alisimama pale na mikono yake mgongoni, mpaka Mzee Ogola akauliza mara ya pili, ndipo akasema, "Huyu sio baba yangu. Baba yangu amelala Shirati, na bado ananiona."

Tuliondoka kambini wiki hiyohiyo. Baba alishukuru kwamba hawakumpeleka polisi, na mimi mpaka leo siwezi kusikia neno shukrani bila kukunja uso. Gari la molasi alipewa mpwa wake Mzee Ogola, ambaye alilitumbukiza mtaroni kabla ya mwezi kwisha. Aliliita tanka, bila kosa.

Tulihamia Nyalenda, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, na baba akaanza kuvuta mkokoteni. Alibeba maji, magunia ya mkaa, samaki kutoka ufukweni, na siku za jua kali mama alifunika mboga za watu kwa lile pazia la maua ya manjano mpaka maua yakapauka. Mkokoteni unaitwa mkokoteni Musoma na unaitwa mkokoteni Kisumu. Hakuna aliyemcheka tena.

Mtihani wa jioni uliisha. Baba aliendelea kuosha miguu kwenye karai, mama akichambua omena, lakini hapakuwa na la kuulizwa. Sikumsikia tena akitaja gari lolote kubwa kwa jina, si la huku wala la kwao. Lori likipita alisema "hiyo gari". Nilijaribu mara moja kumwigiza ili acheke, nikasema "boza" kwa sauti yake. Alinishika kichwa, akakisukuma kidogo upande, akaenda kulala na jua bado liko nje. Nilimnunia. Nilidhani amekuwa mkali kwa sababu ya kazi ngumu.

Alipofariki tulimpeleka Shirati, akalazwa karibu na baba yake na karibu na dani, ambaye alikuwa ameshatangulia. Tulipokuwa tukirudi, mama aliniambia yote, kuanzia kitambulisho hadi kiwiko cha yule mzee. Hakuninyooshea kidole. Ila alisema jambo moja ambalo nalibeba hadi leo.

"Siku hiyo ya shule babako alikuwa huko nyuma, amesimama na nguo ya kazi. Alipokusikia alijua imeisha. Nikamwambia tuondoke. Akakataa. Akasema, 'Mtoto amefanya vizuri, apigiwe makofi.'"

Sasa mnajua yule aliyepiga makofi peke yake ni nani. Utoto wangu wote niliyaweka makofi yale mahali pa vitu vitamu, kumbe ni mtu aliyekuwa akiiaga nyumba ya mawe na dirisha langu. Mama alikuwa na uchungu wake pia. "Kila mtu kwa hiyo nyumba alihitaji kusema uongo moja tu," aliniambia, akitazama nje ya dirisha la basi. "Moja tu. Wewe ulishindwa, na yeye akashindwa." Ilinichukua miaka kukubali kwamba alisema kweli. Ilinichukua mingine kujua kuwa sikutaka baba awe amefanya vinginevyo, na kwamba ningependa angalau mimi niseme Shirati tena nikiulizwa.

Basi turudi kibandani. Yule dereva aliulizwa ni wa wapi, akajibu kwa sauti, "Mimi? Shirati!" Nilikaza mwiko mkononi. Vijana wa bodaboda wakasema, "Kumbe ni jaluo mwenzetu," wakamsogezea benchi, wakarudi kwenye chai yao. Hayo tu. Jambo lililoila nyumba yetu lilipita mezani pangu kwa kicheko kimoja, na nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Nilimpa chai na chapati isiyoungua. Alipomaliza aliinuka, akasimama kunitazama vile watu wanavyomtazama mtu wanayedhani wamewahi kumwona, akauliza kwa Dholuo, kwa heshima zote, na kwa sauti ya baba yangu tupu:

"Mama, in nyar kanye?"

Nyuma yake boza lilikuwa likidondosha molasi. Wale vijana waliinua vichwa wakasikiliza.

"Asembo," nikasema mara moja, kama nilivyofundishwa.