Aliuliza Mtu, Nikajibu Chupa

Kuna Jumamosi moja hainitoki kichwani, mwanangu, na leo imenisumbua tangu ulipoleta hilo begi lako la kuzamia ukalitua hapo mlangoni. Nimekwenda dirishani sijui mara ngapi kutazama mawingu, kana kwamba mawingu ya hapa mtaani Gatsata yataniambia habari za ziwani. Kaa kidogo umsikilize shangazi yako. Chai ikipoa tutaipasha.

Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka Bukoba nilikolelewa, na nilirudi na vitu viwili vya kujivunia: kuogelea na Kiswahili. Tulikuwa kikundi cha watu wanane. Kila Jumamosi tulikutana Gisimenti, mtaa wa hapa Kigali, tukajibana kwenye gari la mwenzetu mpaka Ziwa Muhazi, tukazamia. Mashua ilikuwa moja, na mwenye kauli ndani yake alikuwa Mzee Anastase, mtu mpole ambaye kwake kila kitu kilikuwa "iko". Mvua iko, ugali iko, mtu iko. Nilimcheka. Nilimsahihisha mbele za watu, mzee wa rika la baba yangu, naye akawa anatabasamu tu. Naona haya hata sasa ninapokusimulia.

Anastase alikuwa na desturi ya kuhesabu mara mbili kabla ya kuondoka. Alianza na chupa za hewa, akitaja jina la mwenye chupa, halafu akarudia majina yale yale kuhesabu watu.

Siku hiyo upepo ulianza kuyavuruga maji, na mimi nilikuwa na harusi ya rafiki yangu alasiri, huku mjini mtaa wa Kiyovu. Nilikuwa na haraka, nimenuna, nalalamika kwamba pezi langu la mpira, lile la kuvaa mguuni, limeanguka majini. Kijana mmoja mkimya, Gaspard, alikuwa ameshapanda na kulaza chupa yake karibu na miguu yangu. Alinisikia. Akashuka upande wa pili bila chupa na bila kusema neno, akaenda kulifuata pezi langu. Sikumwona, maana nilikuwa nakausha nywele.

Anastase alimaliza kuhesabu chupa akaanza kuhesabu watu, na mimi sikusikia alipobadili. Akaita, "Gaspard iko?"

Nikatazama chini, nikaiona chupa. Nikajibu, "Iko." Tena nikaongeza kwamba leo mzee amepatia ngeli. Wenzangu wakacheka, injini ikawashwa, tukaondoka.

Ufukweni kila mtu alibeba chupa yake, ikabaki moja. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Anastase aliitazama, kisha akanitazama mimi. Ngoja, mwanangu, nisimame kidogo. Hapa huwa siwezi kusimulia nikiwa nimekaa.

Tulirudi ziwani na mawimbi yanatupiga ubavuni. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa namfikiria mama yake, ambaye wiki ile ile alinipa maparachichi, na nikijiuliza nitasimama vipi mlangoni kwake. Tulimkuta mbali na pale tulipomwacha, ameelea chali, midomo imepauka, pezi langu amelikumbatia kifuani. Tulipomvuta ndani hakuweza kusema wala kuuachia mkono. Nililitoa pezi lile kwa kumfungua kidole kimoja kimoja.

Harusini sikwenda. Anastase hakunigombeza njiani. Alingoja mpaka Gaspard amefunikwa blanketi na ameshika kikombe cha chai, ndipo akaniambia taratibu, kama baba kwa binti yake, "Mukobwa wangu, Kiswahili unanishinda. Lakini mimi niliuliza mutu, weye ukajibu chupa."

Nililia mpaka Kigali.

Baada ya siku ile ikawa kila mtu anaitikia jina lake kwa mdomo wake: "Niko." Humjibii mwenzako hata kama amekukalia mapajani. Na hakuna aliyeshuka majini, hata kunawa miguu, bila kumgusa Anastase bega. Gaspard hakuzamia tena. Ana kibanda cha kutengeneza simu Gisimenti, na nikipita namwita jina kutoka barabarani, naye hujibu "Niko" bila kuinua kichwa. Hatujawahi kuizungumza siku ile kwa maneno mengine.

Basi kesho, mwanangu, mashuani utakuwa na wajuaji wenzako. Usimsemee mtu. Usishuke kimya kimya, hata kama unakwenda kumtendea mwenzako wema, maana wema wa Gaspard ndio uliotaka kumuua. Kama una pa kuwahi jioni, bora usiende kabisa, kuliko kuwaharakisha watu walio majini. Na anayekuuliza kwa Kiswahili kibovu, sikiliza anachouliza, masahihisho utamfanyia nchi kavu, kama bado utakuwa na hamu nayo.

Mungu akushushe salama na akupandishe salama, wewe na kila utakayeshuka naye. Saa tisa nitapiga simu. Usimpe mwenzako simu aniambie kwamba uko. Nitakuita jina lako, Aline, na nitanyamaza mpaka uitikie mwenyewe.