Nilivyomsahihisha Bi Rukia

Leo niliomba ardhi ipasuke inimeze. Bahati mbaya, ofisi yetu iko ghorofani.

Siku yangu ya kwanza kama wakili mwanafunzi, hapa Amu, yaani Lamu. Wakili anayenisimamia, mgeni kutoka Nairobi, ameketi pembeni ananitazama nikiandika maelezo ya mteja.

Mteja ni bibi wa Siyu, miwani minene. Jirani yake amejenga ukuta.

"Amenizibia ndia," akasema.

Na mimi, jamani, sijui nilitaka kumfurahisha nani:

"Bi, sema njia. Mahakamani tunatumia Kiswahili sanifu."



Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Weye si yule mwana wa mwalimu wa bara?"

Ni Bi Rukia wa utoto wangu!

(Mama alihamishiwa Siyu kufundisha nikiwa na miaka mitano. Sasa mnaona balaa lenyewe.)

"Ulipotea, ukaja mlangoni kwangu walia, 'Siyui ndia ya kwetu.' Nalikushika mkono hata kwa mamako. Sikukwambia useme njia."

Wakili akainamia karatasi zake. Heri angecheka.

Nilikuwa nimeshaandika "njia". Nikaikata, nikaandika "ndia", nikamsomea maelezo yote. Akatia sahihi. Nikamwomba radhi. Akaitika kwa kichwa tu, akashuka ngazi peke yake.

Mama amepiga simu mara tatu, anataka kujua mwanawe wakili ameanzaje kazi. Sijapokea.

Ninyi mngemwambia nini?