Spika ya Kushoto

Kaka yangu alipopoteza macho, kitu pekee alichoendelea kukiomba kilikuwa redio. Haikuwa redio ndogo ya betri. Ilikuwa risiva nzito ya stirio yenye spika mbili za mbao, aliyoinunua baada ya vita vya mpakani kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikifunga duka lake Bukoba na kuhamia Mwanza. Wakati huo alikuwa dereva wa lori. Sasa alikuwa amelala katika chumba chake cha kupanga mjini, mwepesi kiasi cha kugeuzwa kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri barua ya kazi, na Mama alinituma kutoka kijijini kwetu Izigo nije kumuuguza.

Spika ya kulia ilikuwa imenyamaza. Ya kushoto ilisema vizuri.

“Upande mmoja unanitosha,” aliniambia. “Mimi mwenyewe nimebaki upande mmoja.”

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Lakini niliiwaza sana ile spika. Nilijiambia kwamba kama kulia kumekufa, kushoto nako kutakufa, na nitakuwa nimekaa tu nikitazama. Kuhusu yeye hakukuwa na la kufanya. Hospitali walikuwa wametuambia tumpe uji na tumweke safi. Kuhusu redio, angalau la kufanya lilikuwepo. Na muda ulikuwa mfupi. Kwetu mgonjwa wa namna ile hurudishwa nyumbani mapema, akate roho kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, atakamozikwa. Baba mdogo alikuwa aje na gari Jumamosi, na Izigo hakukuwa na umeme.

Jumatatu nilifungua kifuniko. Ndani nilikuta vumbi na mabawa makavu ya senene, walioingia kwa kufuata taa ya masafa. Nilichora kila waya kwenye daftari. Nilikuwa nimesoma fizikia, kwa hiyo nilianza na lililo gumu kuliko yote, transista za kutoa sauti. Jumanne nilizipima. Jumatano nilizipima tena, kwa kuwa sikuiamini mita niliyoazima. Siku zote hizo redio ilikaa kimya.

“Bwana msomi, matangazo ya vifo yameshapita?”

“Bado kidogo, kaka.”

“Usinifiche. Nataka nisikie kama wameshanitaja.”

Alhamisi niliipima ikiwa imewashwa. Ncha ya mita iliteleza na kugusa miguu miwili ya transista kwa pamoja. Ilitoka cheche ndogo na harufu ya kuungua. Kushoto nako kukanyamaza.

“Nini hiyo?”

“Fyuzi tu,” nilisema. Nilibadilisha fyuzi, nayo ikaungua.

Jumamosi walimbeba kwa blanketi hadi garini. Baba mdogo aliniambia nipande. Nilisema nitafuata Jumatatu, redio ikishapona. Nilikuwa nimepanga hata kwenda kuazima jenereta ya parokia.

“Achana nayo,” kaka alisema. “Panda.”

Sikupanda. Nilishindwa kufikiria kukaa naye njia nzima na ukimya ule niliousababisha mwenyewe. Alikufa Jumapili mchana, wakati mimi nikichomelea waya.

Msibani Baba mdogo alinikabidhi tangazo la kifo niliandike na kulipeleka mjini, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Niliandika mara sita. Nilikwama kwenye maneno yale yale: ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu, au kwa muda mfupi? Muda mrefu, kila mtu angejua ni ugonjwa gani. Muda mfupi, ningekuwa nimemdanganya hata yeye.

Siku ya tano, nyumbani bado hatujashika jembe kwa ajili ya matanga, Mama alinituma Bukoba kununua sukari ya waombolezaji. Nilipitia chumbani kwa kaka nikaichukua risiva na spika zake, nikaipeleka kwa fundi mzee wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki.

“Ilianzaje?” aliuliza.

“Kulia kulinyamaza.”

Alishika swichi ya kuchagulia spika, akaizungusha huku na huku.

“Hii hushika kutu kwa hewa ya ziwa. Unazungusha hivi mara ishirini, kulia kunarudi. Wewe ulianza na nini?”

“Transista.”

Alinitazama juu ya miwani. “Umesoma sana, kijana.”

Alitoa transista mbili kwenye kopo la vipuri, akaziweka badala ya zile nilizounguza mimi. Kabla chai yake haijapoa, sauti ilitoka pande zote mbili. Yalikuwa matangazo ya vifo. Alinyoosha mkono apunguze sauti, nilimwomba aache.

Nilisimama pale mezani kwake nikasikiliza majina yote mpaka la mwisho. La kaka halikuwemo. Tangazo lilikuwa mfukoni mwangu, maneno mawili yakiwa bado hayajajazwa.